Marekani alishindwa Vietnam, au alijishinda mwenyewe?

#1 Kiboko wa Rufiji

Wakuu, salaam.

Jana kijiweni nimezomewa kwa kusema Marekani hakupigwa Vietnam. Nalileta hapa kwa watu wanaosoma.

Hoja yangu ni hii. Uwanjani Mmarekani hakupoteza pambano kubwa hata moja. Aprili 1969 alikuwa na askari 543,000 kule, ndege anazotaka, meli za kivita anazotaka. Shambulio la Tet, mwaka mpya wao, la Januari 1968 liliwamaliza Viet Cong, wapiganaji wa kikomunisti wa Kusini, kiasi kwamba hawakurudi kuwa jeshi lilelile. Waliomtoa Vietnam ni wanafunzi wake, magazeti yake na Bunge lake. Kajipiga mwenyewe.

La pili ni swali. Vita yenyewe ilianzia wapi? Kila ninayemuuliza anajibu "ukomunisti" halafu ananyamaza. Karibuni.

#2 Bint Makorora

Nakaa mkao wa kula. Mwalimu wa Zamani shikamoo, popote ulipo pita hapa.

#3 Dereva wa Tunduma

Hajapoteza pambano ila kaondoka kwa helikopta za kwenye mapaa. Ushindi wa aina yake.

#4 Mwalimu wa Zamani

Marahaba binti.

Kiboko, ukianzia 1965 hutaelewa kitu. Rudi nyuma miaka 20. Vietnam ilikuwa koloni la Mfaransa, Vita Kuu ya Pili Mjapani akaingia. Viet Minh, kundi la ukombozi la Ho Chi Minh, wakapambana na Mjapani, na katikati ya 1945 aliyewapa silaha na mafunzo ni Mmarekani mwenyewe, kupitia OSS, idara ya ujasusi iliyoitangulia CIA. Walimkuta Ho yu hoi kwa homa, wakamtibu. Septemba 2, 1945 akasimama uwanja wa Ba Dinh, Hanoi, kutangaza uhuru, na maneno ya kufungulia hotuba aliyachota kwenye Tangazo la Uhuru la Marekani la 1776. Akamwandikia Rais Truman barua kadhaa kuomba msaada. Hakujibiwa.

Hakujibiwa kwa sababu Washington ilimhitaji Mfaransa upande wake dhidi ya Stalin kule Ulaya. Mfaransa akarudi kutafuta koloni lake, vita ikawaka 1946, na kufikia 1954 sehemu kubwa ya gharama alikuwa anailipa Mmarekani. Mei 7, 1954 ngome ya Dien Bien Phu ikaanguka baada ya kuzingirwa siku 56. Kwenye mkutano wa Geneva wakakubaliana nchi igawanywe kwa muda kwenye latitudo ya 17, na Julai 1956 upigwe uchaguzi wa nchi nzima. Uchaguzi huo haujafanyika mpaka leo. Ngo Dinh Diem, kiongozi wa Kusini, aligoma, Marekani akasimama nyuma yake. Rais Eisenhower mwenyewe aliandika baadaye kwamba kwenye uchaguzi wa 1956 Ho angepata asilimia 80.

Ni vita ya ukombozi iliyobatizwa jina la vita ya ukomunisti. Tulia nayo hiyo.

#5 Kahawa Chungu

Mwalimu, heshima yako, ila hapo kwenye asilimia 80 panahitaji marekebisho. Eisenhower alisema kama kura zingepigwa *wakati wa mapigano*, yaani kabla ya Geneva, na aliyekuwa anamlinganisha na Ho ni mfalme Bao Dai. Hakuwa anamzungumzia Diem wala mwaka 1956. Nukuu hiyo inakatwa kichwa na mkia kila siku.

Halafu mbona Kaskazini umeiruka? Mageuzi ya ardhi ya 1953 hadi 1956 yaliua maelfu ya watu, mpaka serikali ya Ho ikalazimika kukiri makosa hadharani. Watu wanaokaribia milioni moja, wengi wao Wakatoliki, walihamia Kusini 1954 na 1955. Nao walikuwa wanaukimbia huo ukombozi? Na Ho hakuwa mzalendo aliyeangukia ukomunisti kwa bahati mbaya. Desemba 1920 alikuwepo Tours, Ufaransa, chama cha kikomunisti cha nchi ile kilipoanzishwa.

Sasa kaa kwenye kiti cha mtu wa Washington. 1949 Mao kachukua China. Juni 1950 Korea Kaskazini kavuka mpaka. Aprili 1954 Eisenhower anawaambia waandishi kwamba nchi moja ikianguka nyingine zitafuata kama kete za domino. Leo tunacheka kwa sababu mwisho tunaujua. Wao hawakuujua. Na tusisahau 1975 Laos na Kambodia zilifuata kweli.

#6 Jaws Corner

Kahawa, sie huku dhumna twacheza kila magharibi. Kete haianguki mpaka mtu aisimamishe na aisukume. Laos imemwagiwa zaidi ya tani milioni mbili za mabomu. Kambodia ikapigwa kwa siri tangu 1969, Machi 1970 mtawala wake Sihanouk akapinduliwa, mwezi wa nne mwishoni jeshi la Marekani likaingia kwa miguu. Khmer Rouge, wakomunisti wa Kambodia, kabla ya hapo walikuwa kikundi cha msituni. Halafu waja kuniambia "zilifuata kweli".

#7 Kahawa Chungu

Barabara ya Ho Chi Minh, njia ya Kaskazini ya kupeleka watu na silaha Kusini, ilipita Laos na Kambodia kabla ya hayo mabomu. Nchi hizo aliyeanza kuzivunjia mipaka ni Hanoi. Sukuma hiyo kete nayo.

#8 Mkulima wa Njoro

Wadau habari zenu, mimi ni wa upande wa Kenya.

Mnaongea Washington na Hanoi mnamsahau mkulima wa delta ya Mekong. Diem aliwarudisha wenye mashamba waliokuwa wamekimbia, mkulima akadaiwa kodi ya shamba ambalo Viet Minh walikuwa wameshampa. Kisha 1962 wakaanza kuwahamisha watu kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua wa mianzi na seng'enge, eti kuwatenganisha na wapiganaji. Mshauri mmoja wa mambo hayo alikuwa Robert Thompson, Mwingereza aliyetokea vita ya Malaya.

Kwetu Mkoa wa Kati tunavijua vijiji vya namna hiyo. 1954 Mwingereza aliwaswaga zaidi ya watu milioni moja ndani ya vijiji vya hali ya hatari wakati wa Mau Mau. Nyanya yangu alichimba lile handaki la kuzunguka kijiji kwa mikono yake. Mpaka anazeeka hakuwahi kuiita ile kazi "ulinzi". Kwa hiyo mtu akiniuliza Viet Cong walipata wapi watu, jibu langu halina Karl Marx ndani yake.

#9 Bint Makorora

Ongezea kura ya maoni ya Oktoba 1955, Diem dhidi ya Bao Dai. Diem kapata asilimia 98. Saigon peke yake kura zilizidi idadi ya waliojiandikisha. Washauri wa Kimarekani walikuwa wamemwambia asilimia 60 zinatosha kabisa, mzee akaona haya.

#10 Dereva wa Tunduma

Dah. Huyo angepewa kazi sehemu nyingi tu za bara hili.

#11 Mwana Kigoma

Nyote mnaigeuza Hanoi kuwa abiria. Januari 1959 chama chao kilipitisha azimio la kutumia silaha Kusini. Aliyelisukuma sana ni Le Duan, mtu wa Kusini, na mwaka uliofuata ndiye akashika ukatibu wa kwanza wa chama. Desemba 1963, baada ya Diem kuuawa, wakaamua kuongeza nguvu wapate ushindi wa haraka kabla Marekani hajaleta askari. Ho kufikia wakati huo alikuwa mzee wa kupigwa picha zaidi kuliko mwenye rungu. Moscow ya Khrushchev haikuitaka vita hiyo, Beijing ikaishabikia, Le Duan akawachezea wote wawili mpaka wakashindana kumpa silaha.

Na huku kwetu upepo huo ulifika. Che Guevara alipita Dar na Kigoma 1965 kwenda Kongo, akavuka ziwa usiku. Maneno yake ya baadaye kuhusu kuzalisha Vietnam mbili, tatu, nyingi, msidhani yalitoka hewani. Alishajaribu moja ng'ambo yetu hapa, ikamshinda.

#12 Kiboko wa Rufiji

Nimekusanya vyanzo vinne mpaka sasa na kila mmoja ana chake. Ila hakuna aliyeigusa hoja yangu. NANI ALIMSHINDA?

#13 Mbongo wa Houston

Hebu niingie.

Huku ninakokaa jambo hili halijapoa. Jirani yangu ni mzee aliyepigana kule 1968. Anawachukia wanafunzi waliomtukana aliporudi, na anamchukia McNamara, waziri wa ulinzi wa enzi hizo, vilevile, kwenye sentensi moja. Ukimuuliza mlishindwa na nani anakwambia "inategemea siku".

Watu wanadhani wote walikamatwa kwa lazima. Takriban theluthi mbili ya waliohudumu Vietnam waliingia jeshini kwa hiari, ingawa wengi wa hao hiari yao ilikuwa kuwahi kabla hawajaitwa ili wachague kikosi. Kichomi kilikuwa hiki: ukiwa chuo kikuu unaahirishiwa. Mtoto wa daktari yuko darasani, mtoto wa fundi yuko Mekong. Bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa ya Desemba 1, 1969 ilikuja vita ikiwa imeshanyonya wengi.

Na msidhani wananchi wote walikuwa upande wa waandamanaji. Mei 4, 1970 askari waliua wanafunzi wanne pale Kent State, Ohio. Uchunguzi wa maoni uliofuata, asilimia 58 waliwalaumu wanafunzi. Siku nne baadaye mafundi ujenzi wa New York wakawatwanga waandamanaji barabarani. Kwa hiyo Kiboko, "wanafunzi walimtoa" ni hadithi nyepesi. Wanafunzi walichukiwa kuliko vita.

Muhammad Ali naye alikataa kuapa jeshini hapahapa Houston, Aprili 28, 1967. Akavuliwa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano. Mahakama Kuu kabisa ikamfutia Juni 1971, majaji wanane kwa sifuri.

#14 Dereva wa Tunduma

Ali huyohuyo alikuja Dar 1980, katumwa na Carter atushawishi tususie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpa hata nafasi ya kuonana.

#15 Mkulima wa Njoro

Sisi Kenya tulisusia. Mpaka leo kuna wanariadha wetu hawajasamehe.

#16 Dereva wa Tunduma

Sisi tukaenda tukarudi na fedha mbili, Bayi kuruka viunzi na maji mita 3,000, Nyambui mita 5,000. Na hatujapata medali ya Olimpiki tena tangu siku hiyo, kwa hiyo msinicheke sana.

#17 Bint Makorora

Jamani Bayi na Vietnam wapi na wapi. Rudini.

#18 Korosho Ghafi

Narudisha. Mimi naona mmeshasahau Ghuba ya Tonkin, bahari ya Vietnam Kaskazini. Agosti 1964 Rais Johnson alidanganya kwamba meli zake zimeshambuliwa, Bunge likampa hundi ya wazi. Vita nzima imejengwa juu ya chai.

#19 Mwalimu wa Zamani

Nusu chai, nusu maji ya kweli. Shambulio la Agosti 2 dhidi ya meli Maddox lilitokea, boti za Kaskazini zilifyatua. Lililokuwa halipo ni lile la pili la Agosti 4, na nyaraka zilizofunguliwa 2005 na idara yao ya kunasa mawasiliano zilionyesha taarifa zilipindwa ili lionekane lipo. Azimio likapita Agosti 7, Baraza la Wawakilishi 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Wale wawili ni Morse wa Oregon na Gruening wa Alaska.

Ila Johnson ananitatiza. Kanda za simu zake za Mei 1964 zipo, anasikika akisema haoni kama vita hiyo inastahili na haoni njia ya kutoka. Mtu asiyeamini anapelekaje watu nusu milioni? Jibu langu ni siasa za nyumbani. Chama chake kilikuwa kimeshasulubiwa kwa "kuipoteza China" enzi za Truman. Alikuwa na miswada ya haki za weusi na bima ya wazee ya kupitisha. Akaona akiiacha Saigon, wapinzani watamla na miswada yake.

#20 Kahawa Chungu

Kwa hiyo sasa umehama kutoka "ukombozi" hadi "siasa za nyumbani". Tunakusubiri kituo kinachofuata.

#21 Mwalimu wa Zamani

La kwanza linaeleza kwa nini Mvietnam alipigana. La pili linaeleza kwa nini Mmarekani alikwenda. Vita ina milango miwili, kijana.

#22 Mwana Kigoma

Kuhusu Tet, Kiboko yuko sahihi nusu. Walishambulia miji na miji midogo zaidi ya 100, mpaka ua wa ubalozi wa Marekani Saigon, wakauawa kwa maelfu, na wananchi wa mijini hawakunyanyuka kama Le Duan alivyotegemea. Kijeshi walipigwa. Lakini miezi miwili kabla yake Jenerali Westmoreland alikuwa Washington akiwaambia watu mwisho unaanza kuonekana. Baada ya Tet akaomba askari 206,000 zaidi. Habari hiyo ilipovuja Machi, hata aliyekuwa anaunga mkono vita akauliza, mshindi anaomba watu wengine wa nini? Machi 31 Johnson akatangaza hagombei tena. Gazeti halikumwondoa, hesabu ndiyo iliyomwondoa.

#23 Jaws Corner

Na mwezi huohuo wa tatu 2068... nasema 1968, ndipo mauaji ya kijiji cha My Lai, ya askari wa Marekani, yalipotokea. Raia wasiopungua 347, Wavietnam wenyewe wahesabu 504. Iliwekwa kwapani mpaka Novemba 1969.

#24 Dereva wa Tunduma

Sheikh umetupeleka 2068, tukaona na wajukuu.

#25 Bint Makorora

Swali kwa wazee: Tanzania tulisimama wapi? Nasikia tulikuwa na ubalozi wao Dar.

#26 Mwalimu wa Zamani

Uhusiano wa kibalozi na Hanoi ulianza 1965. Juni mwaka huo, mkutano wa Jumuiya ya Madola London, Harold Wilson alitunga ujumbe wa amani wa mawaziri wakuu kwenda kuzungumza na pande zote za vita. Nyerere akajitenga nao waziwazi, akiona ni mbinu ya kumsaidia Marekani kwa kofia ya Madola. Hanoi na Beijing hazikuupokea, ukafia njiani. Kumbuka Wilson huyohuyo, pamoja na kusukumwa sana na Johnson, hakupeleka kikosi hata kimoja Vietnam.

#27 Korosho Ghafi

Leo Vietnam ananunua korosho zetu ghafi za Mtwara na Lindi, anabangua kwake, anauzia Marekani. Na Halotel iliyoingia 2015 ni ya Viettel, na Viettel ni mali ya wizara ya ulinzi ya Vietnam. Mwenye laini hiyo anampigia mkwewe kwa mtandao wa jeshi lililoingia Saigon. Ukomunisti gani huo, Kiboko?

#28 Mwana Buja

Huku Burundi ni Lumitel, mwenyewe ni huyohuyo.

#29 Kahawa Chungu

Ndiyo ninachosema. Baada ya ushindi walijaribu ukomunisti wenyewe, wakafika kwenye njaa, 1986 wakaanzisha Doi Moi wakafungua soko. Marekani akaondoa vikwazo Februari 1994, Julai 1995 wakarejesha uhusiano. Mwisho wa siku aliyeshinda ni nani?

#30 Mkulima wa Njoro

Hilo swali kamuulize aliyezikwa 1968. Wamarekani zaidi ya 58,000. Serikali ya Hanoi 1995 ilitaja wapiganaji wake milioni 1.1 na raia takriban milioni mbili. Jeshi la Kusini nalo lilipoteza zaidi ya laki mbili, hao hata kwenye uzi huu hamjawataja.

#31 Dereva wa Tunduma

Kuna jambo moja huwa linanikaa kichwani. Desemba 1978 Vietnam inaingia Kambodia kumng'oa Pol Pot, mkuu wa Khmer Rouge, Januari 7, 1979 inachukua Phnom Penh. Sisi miezi hiyohiyo tuko njiani kwenda Kampala, tunaingia Aprili 11. Nchi mbili maskini, zote zimechokozwa mpakani, zote zimemtoa muuaji jirani. Sisi tulinung'unikiwa OAU mambo yakaisha. Vietnam akawekewa vikwazo miaka mingi, na kiti cha Umoja wa Mataifa wakaachiwa watu wa Pol Pot. Hapo hao wapinga ukomunisti walikuwa wapi?

#32 Mwana Kigoma

Walikuwa pamoja na China. Februari 1979 China, huyohuyo aliyetujengea TAZARA, aliivamia Vietnam kutoka kaskazini. Wakomunisti kwa wakomunisti. Ile hofu ya Washington kwamba Beijing, Moscow na Hanoi ni kitu kimoja ilizikwa mwezi huo.

#33 Kiboko wa Rufiji

Nawashukuru kwa shule, lakini nabaki na langu. Paris, Januari 27, 1973 mkataba ulisainiwa, Kusini ilikuwa bado imesimama. 1972 Kaskazini walikuja na vifaru wakazuiwa. Kilichobadilika kati ya 1973 na 1975 ni Bunge la Marekani kukata fedha. Zilipitishwa dola milioni 700 badala ya bilioni moja, na Aprili 1975 Ford akaomba milioni 722 za dharura akanyimwa. Siku ya 30 ya mwezi huo Saigon ikaanguka. Nionyesheni kosa.

#34 Mbongo wa Houston

1972 walizuiwa na ndege za Marekani, si na Saigon peke yake. Na mkataba wenyewe uliwaacha askari wa Kaskazini zaidi ya laki moja ndani ya Kusini. Thieu, rais wa Kusini, alilia kuhusu hilo. Nixon alimtuliza kwa barua ya Novemba 1972, akimwahidi kwamba Hanoi ikivunja mkataba atapiga haraka na kwa nguvu. Ahadi hiyo Bunge halikuonyeshwa. Sasa unalilaumu Bunge kwa kuvunja ahadi waliyofichwa?

Huyo Nixon naye, kampeni ya 1968 watu wake walikuwa wakimpelekea Thieu ujumbe asiende kwenye mazungumzo ya Paris kabla ya uchaguzi. Maandishi ya msaidizi wake Haldeman yapo. Kisha chini yake wakafa Wamarekani wengine zaidi ya 20,000.

#35 Kahawa Chungu

Na Le Duc Tho, mjumbe wa Hanoi kule Paris, alipopewa Nobel pamoja na Kissinger, mjumbe wa Marekani, 1973 aliikataa, akisema amani haijapatikana. Walau huyo mmoja alisoma mkataba.

#36 Jaws Corner

Thieu alikuwa na jeshi la anga miongoni mwa makubwa duniani. Machi 1975 mji wa Ban Me Thuot ulipoanguka, akaamuru jeshi lake litoke nyanda za juu bila mpango, wakakanyagana barabarani na familia zao. Da Nang ikaenda mwezi huohuo. Amri hiyo hakupewa na Bunge la Marekani.

#37 Kiboko wa Rufiji

Ndege bila mafuta na vipuri ni chuma tu. Bei ya mafuta dunia nzima ilipaa mwishoni mwa 1973, msaada ukapungua wakati uleule. Walikuwa wanahesabu risasi.

#38 Mwana Kigoma

Hapo kwenye mafuta hebu weka nyama, hiyo sijaiona ikijadiliwa vizuri. Maana hata Hanoi alikuwa analalamika Moscow na Beijing wamepunguza.